MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Gari la Moshi Lenye Uso



Mwezi huu tumeletewa barua na mwalimu mmoja wa hapa Mirongo, baba wa watoto wanne. Habari yake ni hii. Nduguye akaa Uingereza pamoja na mkewe na mtoto wao mmoja. Hivi karibuni aliwapelekea picha kwa simu: mtoto yule amesimama kando ya gari la moshi la rangi ya buluu, na gari hilo lina uso wa mtu, lina macho na pua na kinywa chenye kucheka. Tangu siku ile watoto wa mwalimu hawana neno lingine. Waamkapo wauliza, walalapo wauliza: "Baba, na sisi tutakwenda lini?" Basi mwalimu atuuliza mambo mawili. La kwanza, je, mchezo huu wafaa nyumba ya Kikristo, au ni upuuzi kukifanya chuma kuwa mtu? La pili, afanye nini yeye ambaye mshahara wake hautoshi kuwafikisha watu sita hata Dar es Salaam, sembuse Ulaya? Na mwisho wa barua ameandika mstari mmoja tu, kama mtu aongezaye chumvi chakula kikiisha kuiva, kwamba babaye mzazi, ambaye akaa naye nyumba moja, zamani alikuwa mtu wa injini za mvuke, lakini watoto hawajapata kumwuliza habari zake.

Tumeipenda barua hii. Tutaijibu kwa urefu kidogo, maana twajua kwamba si nyumba moja tu yenye shauri hili. Picha za gari hilo zimeenea katika simu za wazazi, na watoto wazijua kuliko wazijuavyo jina la stesheni yao.

Tuanze na asili yake, maana wengi wadhani ni jambo la wafanya biashara tu. Aliyelianzisha alikuwa padre. Jina lake Wilbert Awdry, wa Kanisa la Anglikana. Alipokuwa mtoto, nyumba yao ilikuwa katika kijiji cha Box, Uingereza, karibu na reli, mahali penye mlima. Treni nzito ya mizigo ilipopanda ilihitaji injini ya pili kuisukuma kwa nyuma, na mtoto Wilbert, akilala kitandani usiku, alizisikia injini hizo mbili zikipumua kwa zamu, akaona kama zinasemezana: ya mbele yalalamika kwamba haiwezi, ya nyuma yaitia moyo. Maneno hayo hakuyasahau. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa padre msaidizi huko King's Norton, katika mji wa Birmingham, na mwanawe mdogo, Christopher, akashikwa na surua, akalazwa katika chumba chenye giza kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Baba akakaa kitandani pake akamsimulia habari za injini zenye tabia kama watu. Mtoto alitaka kusikia hadithi zile zile tena na tena, na kila baba alipokosea neno moja alisahihishwa. Hata baba akaona heri aziandike, akaziandika nyuma ya karatasi kuukuu. Mkewe, Mama Margaret, ndiye aliyemshurutisha azipeleke kwa mpiga chapa. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, na cha pili, chenye habari za injini ndogo Thomas, mwaka 1946. Vifaa vilikuwa haba wakati wa vita, na Thomas wa kwanza kabisa alikuwa mchezo wa mti tu, ambao padre alimchongea mwanawe.

Twawaomba akina baba walitazame jambo hili vizuri. Hakukuwa na fedha wala duka. Palikuwa na mtoto mgonjwa, na mzazi aliyekubali kukaa.

Padre Awdry aliandika vitabu 26 mpaka mwaka 1972, kisha Christopher mwenyewe, akiisha kuwa mtu mzima, akaendelea. Mwaka 1984 hadithi zikaanza kuonyeshwa katika televisheni, na hapo ndipo zilipotoka mikononi mwa padre zikawa mali ya ulimwengu. Mwaka 2018 wakaongeza injini ya kike kutoka Kenya, wakaiita Nia. Wenye kujua injini waona mara moja kwamba imeigwa kwa injini ndogo za Reli ya Kenya na Uganda za aina ya ED1, ambazo zilizoea kupanga mabehewa katika stesheni. Twakiri kwamba tulifurahi kusikia jina la Kiswahili linaitwa na watoto wa Kizungu. Lakini watoto wetu walimfahamu Nia wa picha, wasiulize injini zile za kweli zilikwenda wapi. Tutarudi kwa neno hilo.

Sasa, hizo siku za Thomas ni nini? Zafanyika katika reli za zamani za mvuke. Waingereza wanazo nyingi, na Wamarekani pia. Serikali ilipoacha njia fulani kwa kuwa hazileti faida, au kampuni iliposhindwa, watu wapendao reli walikusanyika wakazitunza kwa mikono yao wenyewe. Ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea ilikuwa reli nyembamba ya Talyllyn, katika nchi ya Wales, mwaka 1951. Padre Awdry naye alikwenda huko akafanya kazi ya gadi pasipo kupokea mshahara. Na katika reli nyingine, iitwayo Nene Valley, iko injini ndogo ya buluu iliyofanya kazi zamani katika kiwanda cha sukari cha Peterborough. Padre Awdry mwenyewe aliipa jina la Thomas mwaka 1971.

Siku ya sherehe wazifunga injini nyuso mbele, juu ya mlango wa moshi. Mtu mnene mwenye kofia ndefu nyeusi, mkuu wa reli katika hadithi, apita akiwasalimu watoto na kuwauliza kama wamekuwa watiifu. Familia yapanda behewa la kale la mbao, yaenda mwendo mfupi na kurudi. Watoto waoneshwa makaa yanavyotupwa tanuruni. Wala vyakula walivyovifunga nyumbani, wakae majanini. Wengine huja babu na bibi na wajukuu pamoja, na mara nyingi, twaambiwa, mwenye furaha kupita wote ni babu.

Ni lazima pia kuwaambia upande wa pili. Jina la Thomas na uso wake ni mali ya kampuni kubwa ya michezo ya watoto, na reli itakayo kufanya siku hiyo lazima iingie mapatano na wenye mali. Tikiti zake ni ghali kuliko za siku za kawaida. Pembeni pana duka la kofia na vikombe na magari madogo, na mzazi asiyejua kusema "hapana" atarudi nyumbani na mfuko mtupu. Hatusifu jambo hilo.

Lakini sikilizeni tulilotaka hasa kuwaambia. Injini ya mvuke si kama motokaa, ambayo waizima jioni na kuiwasha asubuhi. Boila yake, yaani lile pipa kubwa la chuma lenye maji ndani na mirija ya moto kupita katikati, yataka kuwashwa saa nyingi kabla ya safari, ipate joto polepole, isipasuke. Huko Uingereza, baada ya miaka kumi hivi, boila yapaswa kutolewa katika injini, ifunguliwe, mirija yote ing'olewe, chuma kipimwe unene wake. Kazi hiyo yala fedha nyingi sana, na watu wa kujitolea hawana fedha hizo. Nani azileta? Kwa sehemu kubwa ni watoto wa miaka mitatu na minne. Watu wazima wapendao injini za kweli hawatoshi kulipa, na wengi wao ni wazee. Watoto wamjiao Thomas ni maelfu, na kila mmoja huja na baba na mama na bibi. Uso ule wa kucheka, ambao wazee wengine wa reli wauona kuwa ni aibu kwa injini yenye heshima, ndio umlipao fundi wa boila. Tena katika watoto wale, wachache hurudi wakiwa na miaka kumi na sita, wakaomba kufundishwa kupangusa mafuta, halafu kuchochea moto, halafu kuendesha. Hivyo ndivyo maarifa yapitavyo kutoka mkono hata mkono.

Kwa swali la kwanza la mwalimu, basi, jibu letu ni fupi. Nyanya zetu walitufundisha kwa Sungura na Fisi, wala hakuna mtoto wa Usukuma aliyetoka pale akaenda kumwamkia fisi. Yothamu naye aliwaambia watu wa Shekemu mfano wa miti iliyotafuta mfalme, na hakuna aliyemlaumu kwa kuifanya miti iseme. Mtoto ajua tofauti. Mzazi asiyejua ndiye atutiaye mashaka.

Swali la pili ni zito zaidi, maana latugusa sisi wenyewe.

Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Kabla ya hapo mizigo ya hapa ilivuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika tangu mwaka 1901, ikateremkia Mombasa. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu mwaka 1928 pamba ya Usukuma ikashuka kwa Tabora, na watu wakapanda na kushuka, na vijana wa hapa wakaandikwa kazi: wengine walitandika mataruma, wengine wakawa mafundi, wengine watu wa injini. Kwa muda wa miaka hamsini hivi mvuke ulisikika katika mji huu. Kisha zikaja injini za dizeli. Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika mwaka 1977, na injini za mvuke nyingi zikakatwa vipande zikauzwa kuwa chuma chakavu. Hakuna mtoto aliyezilipia tikiti.

Chache zimebaki. Mwenye kutaka kuziona sharti afike Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, karibu na stesheni. Na hapa tuna neno la kuwafurahisha Watanzania. Injini kubwa kupita zote zilizopata kutembea katika reli ya upana wa mita moja duniani zilikuwa zile za aina ya 59, ziitwazo Garratt, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ina uzito wa tani 250 hivi, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mbili tu zimesalia. Moja yaitwa Mount Gelai, na nyingine Mount Shengena. Gelai uko kando ya ziwa Natron, na Shengena uko Upare. Milima yote miwili ni ya kwetu. Tena iko injini namba 3020, iitwayo Nyaturu, kwa jina la ndugu zetu wa Singida. Basi Mnyaturu aendaye Nairobi atalikuta jina la watu wake limeandikwa katika shaba, na watoto wake wanaweza kulisoma kwa vidole.

Watoto wakubwa watapenda behewa namba 12. Mwaka 1900 huko Kima simba alikuwa akiwala watu wa reli, na afisa mmoja wa polisi wa reli, Bwana Ryall, akalala katika behewa hilo pamoja na wenziwe wawili ili amvizie. Zamu yake ikamshika usingizi. Simba akaingia, akamchukua yeye, akatoka naye dirishani. Behewa lipo, na dirisha lipo. (Watoto wadogo wasisimuliwe jambo hili jioni.)

Kutoka Mwanza mpaka Nairobi ni safari ya basi kwa njia ya Musoma, Tarime na Sirari, na mpakani hati za kusafiria zatakiwa, hata za watoto. Twajua kwamba kwa nyumba ya mwalimu hiyo nayo ni safari ya kuwekea akiba mwaka mzima. Tusiwadanganye.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Jumamosi moja baada ya kuisoma barua tulikwenda nyumbani kwa mwalimu, tukamwamkia mzee, tukamwomba atupeleke stesheni, sisi na wajukuu zake wanne. Alishangaa. Akasema, "Kuna nini cha kuona pale?" Lakini aliingia ndani, akakawia, akatoka amevaa koti. Kutoka Mirongo tulikwenda kwa miguu, polepole kwa ajili ya magoti yake. Mama wa watoto alitufungia mihogo na karanga.

Hapakuwa na injini ya mvuke, hilo twalijua. Palikuwa na reli mbili zenye kutu, na mabehewa ya mizigo, na mlinzi aliyeturuhusu kukaa kivulini. Yule mdogo wa miaka mitano akauliza lile alilokuwa nalo moyoni: "Babu, injini yako ilikuwa na uso?"

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ilikuwa nao. Ila mimi nilikuwa ndani, na uso wake ulinitazama mimi." Akawaeleza kioo cha maji, mrija mdogo wa kioo usimamao mbele ya mchochezi, unaoonesha maji yaliyo katika boila yamefika wapi. Maji yakishuka chini ya paa la tanuru, chuma chaungua, chalegea, na boila yaweza kupasuka ikawaua wote waliomo. "Usiku kucha kutoka Tabora nilikitazama kioo kile kuliko nilivyopata kumtazama bibi yenu." Watoto walicheka, na sisi pia.

Tangu hapo hakuhitaji kuulizwa. Alisema kwamba wazee waliomtangulia walichochea kwa kuni, lakini wakati wake injini zilikuwa za mafuta mazito, na kazi ya mchochezi ilikuwa kuufungua na kuufunga mdomo wa mafuta kwa kipimo, akiutazama moshi. Moshi mweusi ni mafuta yanapotea, na dereva atakutukana. Moshi usioonekana kabisa nao si mzuri. Watakiwa uwe kama ukungu mwembamba wa ziwani asubuhi. Na masizi yakijaa katika mirija, wachukua upawa wa mchanga mkavu, wautia mlangoni mwa tanuru wakati injini ivutapo kwa nguvu, na mchanga wavutwa mbio na moto, wakwangua mirija yote, na kutoka juu watoka moshi mweusi kama usiku. Mjukuu mkubwa, aliye darasa la sita, alitaka kujua kwa nini mchanga hauzimi moto. Mzee akamweleza. Mwalimu, baba yao, alikuwa amekaa nyuma yetu akisikiliza. Na alipotuambia baadaye kwamba hakuwa amepata kuyasikia hata yeye, hatukuona ajabu. Nani kati yetu amemwuliza babaye jinsi kazi yake ilivyofanywa? Twauliza mshahara ulikuwa kiasi gani, basi.

Njiani kurudi watoto wawili walikuwa injini na wawili mabehewa, na yule mdogo akakataa kwenda mpaka apewe mchanga.

Hatusemi kwamba hawamtaki tena Thomas. Jioni ile ile waliomba simu wamtazame. Lakini safari hii walimwita babu akae nao, na kila injini ilipotoa moshi mweusi walipiga kelele kwamba mchochezi ni mvivu.

Wazazi watakaowapeleka watoto stesheni wawakanye kabisa wasitembee juu ya reli wala wasipande mabehewa yaliyosimama, na wamwombe ruhusa mwenye zamu kwanza. Kadhalika twawakumbusha kwamba kazi ya reli mpya ya upana mkubwa kati ya Mwanza na Isaka ilianzishwa mwaka 2021, na kati ya Dar es Salaam na Dodoma treni zake za umeme zilianza kuchukua abiria mwaka 2024. Watoto wa leo watapanda hizo, na wajukuu zao watawauliza habari zake.

Sasa twaomba kitu kimoja. Hapa Mirongo, na Igogo, na Mkuyuni, na kote kandokando ya reli mpaka Tabora, wako wazee waliokuwa wachochezi, madereva, magadi, mafundi na watu wa ishara. Umri wao umekwenda sana. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, na amwombe mtoto mmoja ajuaye kuandika akae naye jioni mbili tatu, aandike maneno yake kama ayasemavyo, pamoja na majina ya stesheni na namba za injini anazozikumbuka. Kama ipo taa ya gadi, au filimbi, au picha, msiitoe wala msiiuze. Andikeni tu kwamba ipo na ni ya nani. Mwalimu wetu wa Mirongo amekubali kuzipokea karatasi hizo shuleni kwake kila Ijumaa baada ya masomo, na za kwanza, za mzee wake mwenyewe, mjukuu wa darasa la sita amekwisha kuzianza: kurasa tatu, na bado hawajatoka Tabora.